Jasho la Kipande na Jasho la Ngoma

Mtu aliyekata mkonge katika mashamba ya Korogwe miaka ya 1950, iwe Magunga, Ngombezi au Mnyuzi, hakupungukiwa na mazoezi. Alianza kabla jua halijapanda, akainama kwenye miiba, akakata jani baada ya jani, akayafunga matita ya majani 30, akayabeba mpaka kwenye njia ya toroli ili yapelekwe korona, kiwanda cha kutoa nyuzi. Nyapara alihesabu matita, na ngwe ikitimia, mtu akarudi kambini mgongo ukimuuma. Ilipofika Jumamosi usiku, mtu huyohuyo alicheza ngoma hadi alfajiri. Wanaohimiza mazoezi siku hizi hutuambia kwamba watu hawayafanyi kwa sababu ni wavivu, au kwa sababu kazi imewachosha. Mkata mkonge anazikanusha sababu zote mbili. Historia ya Korogwe na Handeni inaonyesha kwamba kinachomtoa mtu nyumbani akatoe jasho kwa hiari ni kujua kwamba jasho hilo ni lake, anatoka pamoja na watu anaowataka, na yupo atakayeona kama amecheza vizuri au vibaya. Mahali pasipo na hayo, mwili hutii kwa muda tu, kisha hutafuta njia ya kukwepa.

Kukwepa kwenyewe kuna kumbukumbu ndefu huku. Richard Hindorf alileta mkonge mwaka 1893, na miche iliyonusurika safari ilikuwa 62 tu. Lakini reli kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, bonde la Mto Pangani lilikuwa tayari linageuzwa kuwa mashamba makubwa yenye njaa ya wafanyakazi. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani ulianzisha Usambara kadi za kazi: kila mwanamume alitakiwa afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Chini ya Waingereza kipande cha mkonge, yaani kadi ya kazi ya mkata mkonge, kilibaki cha siku 30 za kazi, zikamilike ndani ya siku 42, na siku ambayo ngwe haikutimia haikuandikwa. Wazigua wa Handeni, na Wasambaa na Wabondei wa upande wa Korogwe, waliikimbia kazi hiyo kila walipoweza, wakapendelea kulima chakula chao na kuuza kilichozidi. Ndiyo maana wenye mashamba walilazimika kutafuta manamba, vibarua wa mkataba, mbali: Songea, Kigoma, Msumbiji, Ruanda na Urundi, na mwaka 1944 wakaunda SILABU, chombo cha pamoja cha kuwaandikisha na kuwasafirisha. Mzigua aliyeukataa mkonge hakuwa mtu wa kukaa. Jembe la mkono halina mahali pa kukalia, na katika nchi kavu kama Handeni maji yalifuatwa mbali. Alichokataa ni kuhesabiwa.

Sasa tuitazame Jumamosi usiku. Manamba walifika na ngoma zao: Wangoni na lizombe, Wamakonde na sindimba. Walizikuta za wenyeji, selo ya Wazigua na mdumange ya Wasambaa. Kutoka pwani ilikuwa imepanda ngoma nyingine, na hiyo ndiyo ushahidi wangu mkubwa: beni. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliifuatilia beni kutoka miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 hadi Tanga, ambako shule ya serikali ya Kijerumani ilikuwa na bendi yake ya matarumbeta, kisha barani pamoja na askari, wapagazi na makarani. Pande zilikuwa mbili, Marini na Arinoti, Marini ikijiona ya watu wa juu na Arinoti ikiwavuta walio chini yao. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali wake na sare zake, na michango ya kumzika aliyefariki. Na walichokicheza kilikuwa gwaride! Hatua zilezile ambazo askari alizifanya kwa hofu ya kiboko uwanjani, watu walizirudia kwa furaha usiku kucha, tena kwa gharama yao wenyewe. Mwendo haukubadilika, wala jasho halikupungua. Tofauti ni kwamba jenerali wa beni walimchagua wenyewe, na asiyempenda alihamia upande wa pili.

Msomaji makini atasema hapa kwamba ninapaka ngoma rangi. Ni kweli kwamba haikuwa pepo. Mashindano yaliishia mara nyingine kwenye magomvi. Michango ilimbana mwenye mshahara mdogo. Pombe ilikuwa jirani wa karibu wa ngoma, na ukitaka kupima afya ya usiku ule, lazima uitie na pombe kwenye mizani. Wamisionari na masheikh, wasiokubaliana kwa mengi, walikubaliana kuilalamikia. Wanawake walioonekana ngomani walisemwa vibaya kuliko wanaume waliokuwa nao palepale. Yote hayo nayakubali, na hayaigusi hoja. Sidai kwamba ngoma iliwafanya watu kuwa wema au hata wazima. Ninachosema ni kwamba iliwatoa kitandani watu waliokuwa na kila sababu ya kulala, wiki baada ya wiki, bila amri ya mtu. Hakuna kampeni ya afya ninayoijua iliyowahi kufanya hivyo.

Pingamizi gumu zaidi ni mchakamchaka. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipokuwa Rais wa Jamhuri, Julius Nyerere alisikitika kwamba waliosoma walijua dansi za Kizungu huku ngoma za kwao zikiwapita, akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata likaja Jeshi la Kujenga Taifa. Mbio za alfajiri zikatoka kambini zikaingia shuleni, na vizazi vya wanafunzi wa Handeni na Korogwe, kama wenzao nchi nzima, walikimbia mchakamchaka kabla ya kipindi cha kwanza. Ilikuwa amri, na bado watu wazima wengi huikumbuka kwa kicheko. Je, si ushahidi kwamba amri inaweza kupendwa? Nadhani hapana. Wanachokikumbuka ni nyimbo: kiongozi anayeanzisha, mstari mzima unaoitikia, mbwembwe za anayejua kubuni ubeti wa kumcheka mwenzake. Mbio zisizo na wimbo zilikuwepo pia, zile za kuzunguka kiwanja kwa kuchelewa namba, na hizo watu huzikumbuka kama wanavyovikumbuka viboko. Shule iliyofanya kukimbia kuwa adhabu asubuhi ilijichongea yenyewe, kwa sababu mtoto alimaliza darasa la saba akijua kwamba kutoka jasho ni malipo ya kosa. Wengi hawakukimbia tena tangu siku hiyo, na siwalaumu.

Wapo pia wanaosema kwamba haya ni mambo ya mjini, kwamba mkulima wa Handeni anafanya mazoezi tosha shambani. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zaidi kabla ya bodaboda, ambayo imechukua safari ambazo miguu na baiskeli zilizifanya. Lakini hata tukiuacha usafiri, haifuati kwamba kazi nzito na mazoezi ni kitu kimoja kwa mwili. Andreas Holtermann na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti uliofuatilia zaidi ya watu 100,000 wa Copenhagen: waliojishughulisha sana katika muda wao wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya maradhi makubwa ya moyo, na waliojishughulisha sana kazini walikuwa na hatari kubwa zaidi. Wanasayansi wanabishana bado kuhusu sababu, na Copenhagen si Korogwe. Hata hivyo, maelezo yanayotolewa yangeeleweka upesi na manamba yeyote: kazini huchagui mwendo, huamui lini upumzike, na mwili unabebeshwa mzigo uleule saa nyingi bila nafasi ya kujirudishia nguvu. Ngomani anayechoka hutoka katikati, akakaa pembeni akipiga makofi, kisha akarudi.

Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi dhidi ya maradhi yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa. Nia ilikuwa njema na maradhi ni ya kweli. Lakini zoezi linaloanzia kwenye barua ya ofisi, linalohudhuriwa kwa kuwa mkuu yupo na kamera zipo, lina mdundo wa kipande zaidi ya wa ngoma, na mtumishi anayejua kukwepa ataupata udhuru. Linganisha na vikundi vya jogingi vilivyoenea katika miji yetu, ambavyo watu waliviunda wenyewe. Vina mwenyekiti na mweka hazina, fulana za rangi moja, nyimbo za kuitikiana barabarani alfajiri, mabonanza ya kualikana na kikundi cha mtaa wa pili, na mfuko wa kuzikana. Mwanachama wa Arinoti angevitambua bila kuelezwa. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka watu wa Korogwe au Handeni watoke jasho kwa hiari anaweza kuanza na swali dogo la bajeti: fedha zilizotengwa kwa mabango ya kuhimiza mazoezi zingenunua ngoma ngapi, jezi ngapi, na taa ngapi za kuwasha uwanja Jumamosi usiku.