Ivuna: Jiwe Limepigwa Picha Kuliko Wenyeji

Desemba 16, 1938, kimondo kilianguka Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, Tanzania. Vipande vilivyookotwa vilifika gramu 705 hivi. Tangu hapo vimekatwa na kupigwa picha kwa hadubini katika maabara za ughaibuni, na kundi zima la vimondo adimu likachukua jina la Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za kokoto na vumbi kutoka Ryugu, mwamba unaolizunguka jua, na wataalamu wakakuta zinashabihiana sana na jiwe letu.

Watu wa Ivuna hawakupata bahati hiyo ya kutazamwa.

Na kazi yao ilistahili kutazamwa. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na J. E. Yellen walichimba kwenye chemchemi za chumvi za hapo, na ripoti yao ikatoka mwaka 1968 katika jarida la Azania. Karne nyingi zilizopita, wenyeji walijaza udongo wa chumvi ndani ya vyungu vyenye matundu, wakaumiminia maji, kisha wakayachemsha yaliyochuruzika mpaka chumvi ikabaki. Vigae vimeutunza ufundi huo. Lakini kigae hakikuambii nani alibeba kuni, wala watoto walicheza wapi moto ukiwaka. Mambo ya namna hiyo ndiyo ya kamera.

Kamera zilikuwapo nchini tangu zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina makumi ya maelfu ya picha za makoloni ya Ujerumani, nchi yetu ikiwamo; ile ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ina zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960. Inaniuma kwamba katika picha nyingi za wakati huo bwana mkubwa anatajwa kwa jina lake, na anayembebea mzigo anatajwa kwa kabila tu.

Hata hivyo picha hunasa zaidi ya alichokusudia mpigaji. Rukwa ni ziwa la kina kifupi lisilo na mto unaotoka, hivyo mvua kubwa, kama zile za mwanzoni mwa miaka ya 1960, husogeza ufuko wake mbali sana. Picha ya wavuvi yenye mwaka na mahali inaonyesha maji yalikoishia. Vivyo hivyo picha za ujenzi wa TAZARA, 1970 hadi 1975: zilipigwa kwa ajili ya reli, ila nyuma ya reli kuna vichaka, mashamba na nyumba za wakati ule.

Picha nyingine zimo masandukuni katika miji ya Songwe, Tunduma na Vwawa, bila jina wala tarehe. Wazee wanaowatambua waliomo bado wako nasi. Waulizwe sasa, na majibu yaandikwe nyuma ya kila picha kwa penseli laini, maana wino hupenya karatasi na kuchafua sura.