Jina Lililomvika Muuaji Suruali



Kati ya Agosti 31 na Novemba 9, mwaka 1888, wanawake watano waliuawa katika mitaa ya Whitechapel na jirani yake, mashariki mwa London: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Muuaji hakukamatwa. Hatulijui jina lake, wala jinsia yake.

Jina tulilozoea, Jack the Ripper, halikutoka kwa shahidi yeyote. Lilitoka katika barua ya wino mwekundu yenye tarehe ya Septemba 25, iliyopelekwa kwa shirika la habari la Central News. Baadhi ya maofisa wa polisi waliamini baadaye kwamba barua ile ilitungwa na mwandishi wa habari. Hata hivyo, magazeti yalilieneza jina hilo, na muuaji asiyejulikana akazidi kuwa mwanamume katika fikra za watu.

Wazo la kumsawiri kama mwanamke nalo si geni. Mwaka 1939 William Stewart alichapisha kitabu kilichodai kwamba muuaji alikuwa mkunga. Hoja yake ina mvuto wa kisanaa: mkunga hutembea usiku bila kushukiwa, damu katika nguo zake haimshtui mtu, na mwili wa mwanamke anaufahamu. Wengine wamemtaja Mary Pearcey, aliyenyongwa Desemba 1890 kwa kumuua Phoebe Hogg. Wapo pia walioushika ushahidi wa Caroline Maxwell, aliyeapa kwamba alizungumza na Mary Jane Kelly asubuhi ya Novemba 9, ilhali madaktari waliona kwamba Kelly alikuwa amekufa saa kadhaa kabla. Je, aliyeonekana alikuwa muuaji ndani ya nguo za marehemu? Hakuna lililothibitishwa, lakini mtunzi hahitaji uthibitisho. Hutosheka na mwanya. Sinema ya Uingereza ya mwaka 1971, Dr Jekyll and Sister Hyde, iliupanua mwanya huo kwa kumfanya daktari muuaji ageuke mwanamke kwa dawa yake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka tukitazame Kiswahili. Mtunzi wa Kiingereza akianza tu kusimulia, kiwakilishi humlazimisha kuchagua: mwanamume au mwanamke. Ngeli yetu ya A-WA haina sharti hilo. Alinyemelea, aliua, akatoweka: vitenzi vitatu, wala jinsia haijafichuka. Hata tukimwita “mpasuaji”, neno linalomfaa pia daktari wa upasuaji, bado hatujasema lolote. Riwaya nzima ingeweza kuandikwa hivyo pasipo mtunzi kusema uongo hata mara moja.

Mitego ipo, lakini ni michache na yafahamika. “Bwana” na “bibi” humfichua mhusika, vivyo hivyo “shangazi” na “mjomba”. Mtego mkubwa kuliko yote ni ndoa, kwa kuwa kwa kawaida yetu mume huoa na mke huolewa. Naona hapo ndipo penye kilele cha hadithi: kurasa mia mbili za “a-”, kisha neno moja tu, “aliolewa”. Msomaji atarudi nyuma atafute ni wapi alipoambiwa kwamba muuaji ni mwanamume, asipaone. Suruali alimvika yeye mwenyewe.

Hata hivyo, mbinu hii ina gharama. Mitaani kwetu husemwa kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke, na hadithi ya namna hii yaweza kuwa kuni katika moto huo. Tena, udadisi juu ya muuaji umekwisha kuwameza waliouawa kwa zaidi ya karne moja. Ndiyo maana nilianza na majina yao. Nichols alikosa peni nne za kulipia kitanda usiku ule. Chapman alijikimu kwa kufuma na kuuza maua. Stride alizaliwa Sweden. Eddowes alikuwa ametoka Kent siku chache tu kabla, kwenye vibarua vya kuchuma maua ya hopi yatumikayo kutengenezea bia. Kelly alikuwa nyuma na kodi ya chumba alimouawa.

Kwa hiyo rai yangu kwa atakayethubutu kuitunga kazi hii ni moja. Kiambishi “a-” kimfiche muuaji kadiri kinavyoweza, lakini wanawake hawa watano wasifichwe nacho. Wapewe majina, sauti, madeni na mizaha yao, kiasi kwamba msomaji afikapo kwenye lile neno “aliolewa”, awe tayari anajua ni nani waliopotea.