Walimu wa UPE

Hapa Etobicoke tukikutana huwa tunawacheka walimu wa UPE: "Ualimu Pasipo Elimu." Tuwe waungwana. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kila mtoto wa Tanzania apate shule ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Wengi wetu tuliotoka vijijini, wao ndio waliotushikisha kalamu. Ulipoanza mpango wa MEMKWA kwa watoto wa miaka 11 hadi 18 waliokosa shule, nao uliwategemea pia wawezeshaji wa kijijini wasiosomea ualimu. Daraja la magogo si imara, lakini tulivukia hapo. Tusilicheke tukiwa ng'ambo.