Teleprompta: Mashine ya Kumbukumbu au Mashine ya Macho?

Mwezi wa Desemba 1950, kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa The First Hundred Years. Ulikuwa mchezo wa kila siku ya kazi, na ulirushwa moja kwa moja, bila kurekodiwa kwanza. Mtu aliyezoea filamu anaweza asione tatizo lililokuwapo. Mwigizaji wa filamu akisahau maneno, kamera husimamishwa na kipande hurudiwa. Mwigizaji wa jukwaani hukariri tamthilia moja, akaicheza kwa wiki nyingi. Lakini mwigizaji wa mchezo huu alipaswa kukariri maneno mapya leo, ayasahau usiku, na kesho aje na mengine. Ni katika mchezo huo ndipo teleprompta ilipotumika kwa mara ya kwanza kwenye televisheni.

Nimeanza hapo kwa sababu mjadala tulio nao siku hizi vyuoni kuhusu kifaa hiki huanzia mahali pengine kabisa. Tangu mawasilisho ya darasani na hata utetezi wa tasnifu ulipoanza kufanywa kwa simu za video, baadhi ya walimu wetu husema kwamba mwanafunzi anayesoma kwenye kioo anadanganya. Wenzetu wanaotengeneza video za kufundisha Kiswahili nao hulaumiana vivyo hivyo: huyu hajui lugha, anasoma tu. Katika insha hii nitadai kwamba kifaa hiki kilizaliwa kutokana na matatizo mawili tofauti, la kumbukumbu na la macho, na kwamba yalitatuliwa na watu tofauti. Tunapoyachanganya ndipo tunapotoa hukumu isiyo ya haki.

Wazo la kwanza lilikuwa la mwigizaji aliyeitwa Fred Barton. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alimweleza Irving Kahn, aliyekuwa na cheo katika kampuni ya filamu ya 20th Century Fox, kwamba ingefaa maneno ya mwigizaji yaunganishwe katika karatasi moja ndefu itakayosogea yenyewe. Kahn alilipeleka wazo hilo kwa mhandisi Hubert Schlafly. Schlafly alichukua nusu ya sanduku la nguo, akaweka ndani yake mikanda, magurudumu madogo na mota, kisha akafunga bunda la karatasi lenye maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa. Fox haikuvutiwa. Basi wote watatu waliondoka, wakaanzisha kampuni yao, TelePrompTer. Jina hilo la biashara baadaye likageuka kuwa jina la kifaa chochote cha aina hiyo, kama watu wengi wa kwetu wanavyoita dawa yoyote ya meno Colgate.

Sanduku la Schlafly lilikuwa na upungufu mmoja: lilikaa kando ya kamera. Mwigizaji hakusahau maneno tena, lakini alipoyatafuta macho yake yalihama. Kabla yake hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mtu alisimama pembeni akiinua kadi kubwa moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mwaka 1950 kumbukumbu ilikuwa imepata msaada, ila macho hayakuwa yamepata.

Aliyeshughulikia macho ni Jess Oppenheimer, mtayarishaji wa mchezo maarufu wa vichekesho I Love Lucy. Yeye aliyaleta maneno mbele ya lenzi yenyewe kwa kutumia kioo. Namna yake ni ileile inayotumika hadi leo. Kioo huwekwa mbele ya kamera kikiwa kimelala kwa nyuzi 45. Chini yake huwekwa maandishi, siku hizi kwenye skrini, yakiwa yamegeuzwa kushoto kulia ili yakiakisiwa yasomeke sawasawa. Msomaji huona maneno juu ya kioo, lakini kamera iliyo nyuma, ndani ya kitambaa au kisanduku cheusi, hupenya kioo na kumwona yeye tu. Mwaka 1953 waigizaji wakuu wa mchezo huo, Lucille Ball na Desi Arnaz, walikitumia kusoma matangazo ya biashara. Mfadhili wao wakati huo alikuwa Philip Morris, kampuni ya sigara. Kwa maoni yangu hilo si jambo dogo. Ufundi wa kumtazama mtazamaji machoni huku unasoma ulipokamilika, kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuuza.

Wanasiasa hawakungoja kioo hicho. Julai 1952, katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini Chicago, rais wa zamani Herbert Hoover alihutubia kwa kutumia teleprompta. Katika kampeni za mwaka huohuo Dwight Eisenhower alikuwa akihutubia mjini Indianapolis maandishi yalipochelewa kusogea, naye akasikika kwenye kipaza sauti akilalamika kwa ukali. Ndipo wananchi wa kawaida walipotambua kwamba kuna mtu mwingine katika hotuba: mwendeshaji, aliyekaa kando na kuzungusha karatasi akifuata kasi ya msemaji. Msemaji akiongeza neno lake mwenyewe, mwendeshaji husimama. Akirudi kwenye maandishi, mwendeshaji naye lazima ajue amerudi wapi.

Tukio linalofundisha zaidi ni la Septemba 1993. Rais Bill Clinton alisimama mbele ya Bunge la Marekani kueleza mpango wake wa huduma za afya, akaona mbele yake hotuba nyingine, ile aliyoitoa Februari kuhusu uchumi. Alizungumza kwa dakika kama 7 wasaidizi wake wakihangaika kuweka hotuba sahihi, na watazamaji hawakugundua. Waliosimulia tukio hilo baadaye wengi husifu ujasiri wake. Mimi naona jambo jingine: aliweza kwa sababu alikuwa anaijua hoja. Mashine haikuwa imeshika mahali pa maarifa yake. Ilikuwa imeshika mahali pa mpangilio wa sentensi tu.

Historia ya kiufundi baada ya hapo haihitaji maneno mengi. Mwaka 1982 Courtney Goodin na Laurence Abrams walitoa programu ya kwanza ya teleprompta ya kompyuta, iliyotumia kompyuta ndogo ya Atari, na karatasi ikaanza kuondoka. Leo simu ya mkononi inatosha. Kahn, kwa upande wake, aliifanya TelePrompTer kuwa kampuni kubwa ya televisheni ya waya, kisha mwaka 1971 akahukumiwa kwa kuwahonga viongozi wa mji wa Johnstown, Pennsylvania, na akafungwa. Schlafly alikufa mwaka 2011. Mara yake ya kwanza kuhutubia kwa kutumia kifaa alichokiunda mwenyewe ilikuwa mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 88.

Sasa nirudi kwetu. Kifaa hiki kilitengenezwa na watu waliofikiri kwa Kiingereza, na Kiswahili kinakipa shida ambazo wao hawakuzijua. Watengenezaji wa video hushauriwa wafanye safu ya maandishi iwe nyembamba, ili macho yasionekane yakikimbia kushoto na kulia. Ushauri huo ni mzuri kwa lugha yenye maneno mafupi. Lakini neno letu moja, tuseme yaliyopendekezwa, lina herufi 16, na Kiingereza kingeligawa wazo hilo katika maneno matatu. Safu ikiwa nyembamba, mstari wa Kiswahili hubeba neno moja au mawili, na msomaji husoma kama anayehesabu ngazi. Ukiipanua safu, macho yanatembea. Njia niliyoiona inafaa ni kusimama mbali zaidi na kamera, kwa kuwa umbali hupunguza mwendo wa macho unaoonekana, na herufi zikuzwe kadiri ya umbali huo.

Shida ya pili ni ya upatanisho. Chukua sentensi hii: vitabu vya kumbukumbu ambavyo serikali ya mkoa ilivihifadhi kwa muda mrefu katika ghala la zamani vimeharibika. Kwenye ukurasa haina tatizo. Kwenye kioo, msomaji anapofika mwisho, vitabu vimekwishapanda juu na kutoweka, na kilichobaki machoni ni ghala. Mimi ni Mrundi, na Kirundi kina ngeli kama Kiswahili, kwa hiyo upatanisho si mgeni kwetu. Lakini ibitabu vyetu hutaka bi-, na mtu akibanwa na kasi ya kioo, bi- hiyo huja bila kuitwa. Dawa yake si kukaza macho. Dawa yake ni kuandika upya: vitabu vimeharibika, serikali ya mkoa ilivihifadhi ghalani kwa muda mrefu mno. Aliyezoea kuandika hivyo amejifunza kitu ambacho madarasa yetu ya insha hayakifundishi sana, yaani kuandika kwa ajili ya mdomo.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubali kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayetumia teleprompta ni mvivu. Kwa msemaji wa lugha ya tatu, baada ya Kirundi na Kifaransa, kifaa kinamfanyia kile kile kilichowafanyia waigizaji wa 1950: kinambebea mpangilio ili nguvu yake ibaki kwenye matamshi na maana. Anayehutubia kwa karatasi mkononi katika ukumbi wa chuo hajawahi kuitwa mdanganyifu. Kinachowakera watu ni macho. Karatasi inaonekana, kioo hakionekani.

Hapa kuna ukurasa mwingine wa historia ambao wenzangu wengi hawaujui, nao unahusu simu ya video moja kwa moja. Mtengenezaji wa filamu za matukio halisi Errol Morris, wa Marekani, alitaka watu anaowahoji wamtazame yeye na wakati huohuo watazame lenzi. Alichukua teleprompta mbili, lakini badala ya maneno aliweka sura. Anayehojiwa aliona uso wa Morris kwenye kioo kilicho mbele ya kamera, na Morris, akiwa mbele ya kamera nyingine, aliona uso wa anayehojiwa. Mke wake ndiye aliyekipa chombo hicho jina, Interrotron. Katika The Fog of War ya mwaka 2003, filamu iliyopata tuzo ya Oscar, Robert McNamara, waziri wa ulinzi wakati wa vita vya Vietnam, anazungumzia vita hivyo huku akimtazama mtazamaji usoni. Hasomi neno lolote. Kioo kilekile kilichobuniwa kuficha usomaji kimetumika kuleta mazungumzo.

Kila anayetumia simu ya video anaijua shida aliyoitatua Morris. Kamera iko juu ya skrini, uso wa mwenzako uko katikati. Ukimtazama yeye, anakuona umeinamisha macho. Ukitazama kamera ili akuone unamtazama, humwoni tena. Kwa hiyo mwanafunzi anayeonekana akitazama chini wakati wa utetezi huenda anasoma, na huenda anamtazama mwalimu wake kwa makini kuliko wote. Na kwetu kuna sababu ya tatu. Kijana aliyelelewa vizuri Burundi, na najua si Burundi peke yake, hamkazii macho mkubwa wake anapozungumza naye. Huinamisha. Mtahini anayetafuta udanganyifu kwenye macho anaweza kumwadhibu mtu kwa adabu zake.

Kama shaka ipo, historia ya kifaa imeshaonyesha pa kupima. Eisenhower alikwama mashine ilipochelewa. Clinton hakukwama mashine ilipokosea kabisa. Mtahini amkatize mwanafunzi katikati ya sentensi amuulize kwa nini amechagua mfano huu na si ule. Kioo hakina jibu la swali hilo. Mwenye hoja atajibu, pengine kwa Kiswahili chenye makosa mawili matatu, kisha arudi kwenye maandishi yake, na sioni aibu yoyote akirudi.

Kioo changu mimi nilikitoa kwenye fremu ya picha, nikakisimamisha ndani ya boksi la viatu lililokatwa upande mmoja. Nyuma nilifunika kwa fulana nyeusi. Kioo cha kawaida kina kasoro: huakisi kwa uso wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo kila herufi hupata kivuli cha herufi pembeni yake, na vioo vya dukani hupakwa utando maalumu ili kuepuka hilo. Herufi nene hupunguza tabu. Nilipokwisha kuzoea maneno, niliyaondoa, nikaweka pale uso wa mwenzangu mmoja wa darasa letu anayetoka Goma, tufanye mazoezi ya maswali kwa simu ya video. Tulizungumza nusu saa. Mwishoni aliniambia maswali nimeyajibu vizuri, ila nikienda mbele ya mwalimu niliondoe lile boksi, maana nilimtazama usoni muda wote kama mtu anayemdai.