Kalemie: Kura Chache, Miaka Mingi

Tukimhesabia miaka, Jaynet Kabila alikuwa mmoja wa wabunge wakongwe wa Kalemie, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alichaguliwa Novemba 2011 akiwa mgombea binafsi, akarudishwa na uchaguzi wa Desemba 2018, na muhula wake ukaisha mwanzoni mwa 2024, baada ya FCC, muungano wa pacha wake Joseph Kabila, rais wa zamani, kususia uchaguzi wa 2023. Ni miaka 12 hivi. Tukimhesabia chaguzi, ni mbili tu. Muhula ni miaka 5, na mbili mara tano ni kumi. Ile miwili iliyozidi haikutoka kwa mpigakura yeyote wa Kalemie.

Wala hakuvunja sheria. Katiba ya Februari 2006 inampa mbunge miaka 5, lakini inasema pia kwamba muhula wake unakoma siku Bunge jipya linapoanzishwa rasmi. Bunge jipya lisipopatikana, la zamani linaendelea. Uchaguzi uliotakiwa kufanyika 2016 haukufanyika. Tume ya uchaguzi, CENI, ilizungumzia daftari la wapigakura na fedha, upinzani ukasema ni hila ya kumbakiza Rais Joseph Kabila Ikulu, na makubaliano ya mkesha wa mwaka mpya yaliyosimamiwa na maaskofu wa Kikatoliki yakasogeza kura hadi mwisho wa 2017, kisha tarehe hiyo nayo ikapita. Wabunge 500 wa Kinshasa waliendelea kukaa vitini mwao, wa upande wa rais na wa upinzani pia. Kwa hili upinzani haukulalamika sana.

Hata hivyo, wabunge wa taifa walikuwa na haraka ukiwalinganisha na wenzao wa mikoani. Tarehe 29 Oktoba 2006, siku ya duru ya pili ya kura ya urais, watu wa Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu walichagua wabunge wa jimbo. Jimbo hilo lilikuwa Katanga, na bunge lake lilikaa Lubumbashi, mamia ya kilomita kusini. Wabunge wale ndio waliowachagua maseneta Januari 2007, na ndio waliomweka Moïse Katumbi kwenye ugavana. Mwaka 2011 taifa likapiga kura ya rais na ya Bunge la Taifa, ile ya majimbo ikaachwa. Wakabaki. Mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne, na waliotoka maeneo yale sita wakafunga mizigo, wakaja Kalemie kuwa bunge la jimbo jipya la Tanganyika.

Hapo panahitaji kutuliwa kidogo. Watu waliopewa dhamana ya kusimamia jimbo moja walijikuta wakitunga sheria za jimbo lingine, ambalo siku ya kura ilikuwa ahadi ya katiba tu. Machi 2016 wakamchagua gavana wake wa kwanza, Richard Ngoy Kitangala. Kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka 2006 na kuwapigia kura alikuwa na miaka 30 alipopata nafasi ya kuwaondoa. Katikati ya miaka hiyo vita vya Waluba na Watwa vilichoma vijiji vya Nyunzu na Manono, na maelfu ya watu wakajazana kambini pembezoni mwa mji wa Kalemie. Bajeti ya jimbo la wakimbizi hao ilijadiliwa na watu waliochaguliwa kabla mgogoro huo haujawaka. Maseneta waliochaguliwa na mabunge ya namna hiyo walikaa miaka 12 ileile.

Kura zikiwa chache hivyo, kadi ya mpigakura nayo ilipata kazi nyingine. Kwa kuwa nchi haina kitambulisho cha taifa kinachowafikia wote, kadi ndiyo inayoonyeshwa bandarini, benki na kwenye vizuizi vya askari. Watu huipanga foleni hata wasipokusudia kupiga kura. Zile za 2023 zilifutika maandishi ndani ya miezi michache, na wenye kadi wakalazimika kuomba nakala.

Mji wa Kalemie ulianza kinyume kabisa na ukongwe huo wa wabunge. Ulipokuwa bado ukiitwa Albertville, kiti kilikuwa chepesi kukipata na chepesi zaidi kukipoteza. Mei 1960 Jason Sendwe, muuguzi aliyelelewa na Wamethodisti na kiongozi wa Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga, alipata kiti cha Bunge la Taifa. Katika bunge la Katanga chama cha Moïse Tshombe, CONAKAT, kilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa Balubakat ukakifuata kwa karibu. Wabunge wa Balubakat wakasusia vikao ili akidi isitimie. Wabelgiji, wiki mbili tu kabla ya uhuru, wakabadilisha sheria ya msingi ili serikali ya jimbo iundwe bila wao. Julai Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga.

Sendwe akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula, kisha Septemba 1963 akawa rais wa jimbo la Katanga Kaskazini, makao yake makuu hapahapa Albertville. Machi 1964 wabunge wa jimbo wakamwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani. Aprili akarudi. Mwishoni mwa Mei uasi ukaingia mjini, na Juni 1964 akauawa. Bunge alilochaguliwa 1960 lilikuwa limekwisha kufungwa mara mbili, na Kanali Mobutu mwaka 1960, na Rais Kasavubu mwaka 1963.

Enzi za urais wa Mobutu nitazipita haraka, maana mpigakura naye alipitwa haraka. Mwaka 1970 katika kura ya urais alipewa kadi mbili, ya kijani kumkubali Mobutu na nyekundu kumkataa, mbele ya macho ya watu. Mwaka 1975 wajumbe walipitishwa kwa makofi. Uchaguzi wa wabunge wa Septemba 1987 ulikuwa wa miaka 5, lakini waliopita walivuka wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa, mwaka 1994 wakaunganishwa na baraza la mpito, na wakabaki hadi Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila, kijana wa Balubakat wa zamani, alipoingia Kinshasa na kulivunja. Ni karibu miaka 10. Ukongwe wa 2006 basi haukuwa jambo jipya.

Aliyeachia cheo kwa hiari anatajwa mara chache. Charles Mwando Nsimba, mbunge wa Moba na mwenyekiti wa UNADEF, alikuwa waziri wa ulinzi, kisha makamu wa kwanza wa spika wa Bunge la Taifa. Septemba 2015 alijiunga na G7, viongozi wa vyama vilivyompinga Joseph Kabila kuongeza muda, na akakiacha kiti cha makamu wa spika. Alifariki Brussels Desemba 2016, mwezi uleule uliotakiwa kuwa wa mwisho wa muhula wa rais.

Bunge la jimbo lililopatikana Desemba 2018 lilikuja na kasi nyingine. Mwaka 2019 lilimchagua Zoé Kabila, mdogo wake Joseph na mbunge wa Manono tangu 2011, kuwa gavana. Mei 2021, Rais Félix Tshisekedi alipokuwa amekwisha kuvunja ushirika na FCC, bunge hilohilo likamng'oa kwa hoja ya kutokuwa na imani, kama alivyofanyiwa Sendwe mjini humu miaka 57 nyuma. Wapigakura wa Tanganyika hawakuulizwa mara zote mbili.

Uchaguzi wa Desemba 2023 ulifanyika karibu na tarehe yake, ingawa vituo vingi vilichelewa na kura ikaendelea siku kadhaa. Muhula wa waliochaguliwa unaisha mwanzoni mwa 2029. Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kuichunguza upya katiba ya 2006, ileile yenye kifungu kinachomwacha mbunge kitini hadi mwingine aje.