Sauti ya Lumumba: hotuba zake zilitufikia namna gani?

Sauti ya Patrice Emery Lumumba inazunguka mpaka leo katika simu zetu, Butembo, Beni, Lubero mpaka Oicha. Mara nyingi ni kipande cha dakika moja ao mbili tu. Hapa tunaeleza ilinaswa wapi, alisema nini, na kwa nini inafaa kuisikiliza mpaka mwisho.

Sauti za kwanza za wanasiasa

Mashine ya kunasa sauti na kuirudisha ilitengenezwa na Mmarekani Thomas Edison mwaka 1877. Mwaka 1908, wagombea wawili wa uraisi wa Marekani, William Jennings Bryan na William Taft, walisema mbele ya mashine hiyo, na hotuba zao zikauzwa katika mitungi midogo ya nta. Kila mtungi ulibeba dakika mbili hivi. Taft ndiye alishinda.

Lakini hotuba iliyomfanya Bryan ajulikane ni ile ya Chicago, mwaka 1896, juu ya pesa na dhahabu. Siku ile hakuna mashine iliyoinasa. Ile inayosikika leo, Bryan aliirudilia zaidi ya miaka 20 baadaye, bila ule umati mbele yake. Ni sauti yake kweli, lakini si ya siku ile.

Tarehe 30 mwezi wa sita 1960

Ya Lumumba ni tofauti: ilinaswa palepale, na redio ikaitangaza. Ilikuwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika Palais de la Nation. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisema wa kwanza, akamsifu Léopold II. Raisi Joseph Kasa-Vubu akafuata kwa maneno ya upole. Lumumba, waziri wa kwanza, hakuwa kwenye programu. Wenzake walipokuwa wanasema, yeye alionekana akiandika na kusahihisha karatasi zake.

Alisema Kifaransa, lakini aliwaelekea Wakongomani. Alisema uhuru si zawadi, ulipatikana kwa kupigana. Alikumbusha kazi ngumu kwa mshahara usiotosha chakula, matusi na mapigo, mashamba yaliyonyanganywa. Alikumbusha pia jambo linaloonekana dogo: mtu mweusi aliitwa « tu », kama mtoto, na « vous » ya heshima ikabaki ya wazungu. Kwetu, mahali mkubwa hasemeshwi kama mtoto, neno hilo halihitaji maelezo mengi. Katika rekodi unasikia makofi yakimkatisha mara kwa mara.

Mfalme alikasirika, na sherehe ikachelewa. Kwenye chakula cha mchana Lumumba alisema tena, safari hii kwa upole, akishukuru Ubelgiji. Hotuba hii ya pili haizunguki sana. Lakini mtu yule yule, siku ile ile, alisema zote mbili. Anayesikia moja tu hajui siku yote.

Vita vya redio

Waziri wa habari katika serikali ile alikuwa mtu wa Kivu yetu, Anicet Kashamura wa chama CEREA. Redio haikukaa na amani siku nyingi. Jioni ya tarehe 5 mwezi wa tisa 1960, Kasa-Vubu alitangaza kwenye redio kwamba amemwondoa Lumumba. Usiku ule ule Lumumba akaenda kwenye redio hiyo hiyo, akatangaza kwamba Kasa-Vubu si raisi tena. Kisha Umoja wa Mataifa ukafunga redio ya Léopoldville. Kasa-Vubu aliweza kutumia redio ya Brazzaville, ngambo ya mto. Lumumba hakuwa na redio nyingine. Tarehe 14 Mobutu naye alichukua madaraka kwa tangazo la redio.

Lumumba alikamatwa mwanzoni mwa mwezi wa 12 karibu na mto Sankuru. Filamu ya siku zile inaonyesha askari akimsukumia mdomoni karatasi yenye maneno yake mwenyewe. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 aliuawa Katanga. Mwili wake uliharibiwa. Jino moja ndilo lilirudishwa kutoka Ubelgiji mwaka 2022. Sauti yake ilibaki.

Inatuhusu nini leo?

Hapa kwetu tunajua uzito wa maneno yanayopita sikio kwa sikio. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, uvumi na kutoaminiana viliwafanya watu wengi wakimbie matibabu. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Na tangu mauaji ya Beni yaanze mwaka 2014, sauti isiyo na mwenyewe inaweza kukimbiza mtaa mzima usiku, ao kumtia jirani hatarini.

Kwa hiyo, sauti ya kiongozi ikifika kwenye simu yako, uliza kwanza: nani anasema? Wapi, na tarehe gani? Ni hotuba nzima, ao kipande? Kuna mtu mwingine aliyekuwa pale? Kama hakuna jibu, usiitume kwa wengine. Hotuba ya Lumumba inajibu maswali hayo yote, ndiyo maana baada ya miaka zaidi ya 60 hakuna anayeweza kuikana.