Milan High School: Shule ya wanafunzi 161 iliyoangusha kigogo

Milan High School ni shule ya sekondari ya serikali kwenye mji mdogo wa Milan, kusini-mashariki mwa jimbo la Indiana, Marekani. Mwaka 1954 ilikuwa na wanafunzi 161 tu, na huko kikapu ndiyo habari ya mjini.

Wakati huo shule zote za Indiana, kubwa kwa ndogo, zilishindania kombe moja. Machi 20, 1954, Milan wakaingia fainali dhidi ya Muncie Central, shule iliyowazidi wanafunzi karibu mara kumi. Robo ya mwisho, wakiwa nyuma, Bobby Plump alishikilia mpira zaidi ya dakika nne bila kurusha. Ndiyo, dakika nne! Baadaye, ubao ukisoma 30-30, akafunga sekunde za mwisho: 32-30. Maelfu walijaa barabarani kuwapokea.

Kisa hicho ndicho kilichozaa filamu ya Hoosiers ya 1986.

Msimu wa 1997-98 Indiana ikagawa mashindano kwa idadi ya wanafunzi. Plump alipinga. Shule ndogo zilipata makombe yao, ila fainali ya Milan na shule kama Muncie Central haipo tena.